Usiniambie ni titani, niambie imefuliwaje

Pale Gerezani, Dar es Salaam, panga zuri halianzi na chuma kipya. Linaanza na springi ya lori iliyokufa. Fundi anaikata, anaitia motoni, anaigonga mpaka inyooke, kisha anaizimisha kwenye oili chafu au kwenye maji, na hapo ndipo kesi inapoanza. Springi moja ikikatwa vipande viwili inaweza kukupa panga litakalokata kuni miaka kumi na lingine litakalovunjika kama biskuti siku ya kwanza likigonga jiwe. Chuma ni kile kile, lori ni lile lile. Mteja mzoefu hamuulizi fundi habari za aina ya chuma. Anakaa kwenye benchi, anaangalia rangi ya moto, anaangalia kinazimishwa wakati gani, halafu ndiyo anatoa hela.

Benchi hilo hunijia kichwani kila nikisikia matangazo ya titani. Tangu iPhone 15 Pro itoke mwaka 2023 na fremu ya titani, neno hilo limekuwa kama iliki, linatiwa kila chungu: saa, miwani, sufuria, hadi kava za simu za plastiki zilizopakwa rangi ya kijivu. Apple ilijisifu kwamba aloi yake ni ile ile ya vyombo vinavyokwenda Mars. Sina ugomvi na ukweli wa kauli hiyo. Ugomvi wangu ni kwamba haituambii kitu, sawa na mtu akujulishe kwamba springi ya panga lako imetoka kwenye Scania.

Aloi yenyewe inaandikwa Ti-6Al-4V: titani, asilimia 6 ya alumini, asilimia 4 ya vanadi. Madukani inaitwa gredi ya tano; sisi tuiite sita-nne. Sentimita moja ya ujazo ina gramu 4.4 hivi, wakati chuma cha pua kina karibu 8 na alumini 2.7. Ukiivuta, haikatiki mpaka ufike megapaskali 900 na zaidi. Nondo nzuri ya ujenzi huanza kusalimu amri kwenye 500. Yaani inaikaribia nondo mara mbili kwa nguvu, na uzito wake ni zaidi kidogo ya nusu. Ndiyo maana inapendwa na watu wa ndege, na ndiyo maana wengi wanadhani habari imeishia hapo.

Haijaisha. Titani safi ikiwa baridi, atomi zake zimejipanga kwa mtindo wa pembe sita unaoitwa alfa. Ikifika nyuzi 882 za Selsiasi, bado ikiwa yabisi kabisa (kuyeyuka ni mpaka 1,668), atomi zinahama na kujipanga upya kimchemraba. Huo ndio mtindo wa beta. Alumini inaipa nguvu alfa, vanadi inaipa nguvu beta, kwa hiyo sita-nne ikipoa inabaki na vyote viwili, na mpaka wa kuhamia beta tupu unapanda hadi karibu nyuzi 995. Namba hiyo ndiyo bosi wa kiwanda cha kufua titani. Ukiifua kwenye 950 unapata metali moja. Ukiifua kwenye 1,040 unapata nyingine, ingawa maabara ya kemia itakuambia kwamba hakuna kilichobadilika.

Waliokulia jikoni hili haliwasumbui. Unga wa ngano ni ule ule, chumvi ile ile, mafuta yale yale, lakini chapati ya kusukuma ina matabaka na ya maji haina. Sita-nne iliyofuliwa chini ya mpaka, ikagandamizwa vya kutosha, inatoka na punje ndogo za alfa zilizokaa mviringo mviringo. Iliyofuliwa juu ya mpaka ikaachwa ipoe inaota alfa kama vibamba vyembamba vilivyolaliana, tabaka juu ya tabaka, ndani ya punje kubwa za beta ambazo mara nyingine unaziona kwa macho.

Matabaka hayo yana faida yake na hasara yake. Ufa ukishaanza ndani ya metali ya matabaka unapata taabu kusafiri, kwa sababu kila unapokuta kundi la vibamba vilivyolala upande mwingine unalazimika kukata kona. Kwa hiyo metali hiyo inavumilia ufa vizuri na inastahimili joto la muda mrefu. Lakini ni rahisi zaidi kwa ufa kuzaliwa humo, na ukiivuta inanyooka kidogo tu kabla ya kukatika. Ile ya punje mviringo ni kinyume chake: inavutika zaidi na kuchelewesha ufa wa kwanza, ila ufa ukishapatikana, njia yake ni nyoofu. Basi mhandisi wa fremu ya ndege, ambaye wakaguzi wake watarudi kila baada ya muda kutafuta nyufa kwa vifaa, ana sababu ya kuchagua matabaka. Mhandisi wa diski ya injini, lile gurudumu linaloshika mapanga yake, ambayo ikipasuka hakuna kifuniko cha kuizuia, anataka punje. Wote wawili watajaza fomu ile ile ya manunuzi: sita-nne.

Kuifua nako ni kazi ya roho ngumu. Titani haipitishi joto vizuri. Sita-nne inapitisha kiasi cha sehemu moja kwa thelathini ya alumini. Gogo likitoka kwenye tanuri na kuguswa na kalibu ya chuma iliyo baridi kuliko lenyewe, ngozi inapoa na kukakamaa huku moyo bado unawaka. Ukiongeza kasi ili uwahi, kugandamiza kwenyewe kunazalisha joto lisilo na pa kutokea, na katikati ya gogo panaweza kuvuka ule mpaka bila mtu yeyote kuona. Fundi wa Gerezani anasoma joto kwa rangi ya chuma. Hapa tofauti ya nyuzi 20, ambayo jicho haliwezi kuiona, inatosha kukuhamisha kutoka punje kwenda matabaka. Na juu ya hayo yote, kadiri inavyokaa kwenye joto kali ndivyo inavyokula oksijeni ya hewani na kujijengea ganda gumu, jepesi kupasuka, ambalo lazima liondolewe kwa asidi au kwa mashine. Unanunua kwa kilo, halafu unamwaga sehemu yake.

Ndiyo maana mashine zake hazifanani na kitu kingine. Marekani ilijenga presi mbili za tani 50,000 miaka ya 1950, moja Cleveland na nyingine Grafton, Massachusetts, na zimefanya kazi mpaka karne hii. Chukua malori 890 yaliyopakia mpaka mwisho wa ruhusa ya mizani zetu, tani 56 kila moja, yapange yote juu ya kitu kimoja: hiyo ndiyo presi moja. Urusi ina ya tani 75,000 huko Verkhnaya Salda, China ina ya 80,000 iliyoanza kazi miaka ya 2010. Ya Ufaransa, tani 65,000, iko Issoire, na waliinunua kwa Wasovieti katikati ya Vita Baridi. Itikadi ni itikadi, presi ni presi.

Sasa njia ya pili, ya kukamua. Aliyewahi kupika tambi za dengu anaijua: unga unawekwa ndani ya mtungi wa chuma wenye matundu chini, unasukumwa kutoka juu, na unachopata kina umbo la tundu. Titani inakamuliwa hivyo hivyo, ila gogo lina joto la zaidi ya nyuzi 1,000 na bila kilainishi lingeng'ang'ania kalibu na kuiharibu papo hapo. Jibu lilitoka Ufaransa, miaka ya 1940, kwa Jacques Séjournet: tumia kioo. Kioo kikiyeyuka kinakuwa kama asali nzito kati ya metali na kalibu, kinateleza na wakati huo huo kinazuia joto lisikimbie. Kilibuniwa kwa ajili ya chuma, kikaifaa titani kuliko alivyotarajia mtu. Huwa nakifikiria kila nikiona chupa iliyoyeyuka kwenye majivu ya jalala.

Kukamua kunakupa kitu ambacho kufua hakuwezi: fimbo ndefu zenye umbo la L, T au U, za mita kadhaa, kama reli za kufungia viti ndani ya ndege. Faida yake ni ya pesa kabla ya kuwa ya nguvu. Sehemu ya ndege inayochongwa kutoka kwenye bamba nene inaweza kuanza na kilo 10 na kumalizika na kilo 1. Kilo 9 zinakuwa chenga sakafuni. Fimbo iliyokamuliwa inatoka ikikaribia umbo lake la mwisho.

Malipo yake yako ndani. Kwa kuwa metali inakuwa laini zaidi juu ya mpaka wa beta, ukamuaji mwingi wa sita-nne hufanyika huko, na kwa hiyo fimbo hutoka na matabaka. Punje zinavutwa kufuata urefu, kama nyuzi za muhogo. Ukiijaribu kwa urefu na ukaijaribu kwa upana hupati jibu moja. Tena fimbo hiyo ina kichwa na mkia: ncha iliyotangulia kutoka imegandamizwa kidogo kuliko sehemu zilizofuata, na mwisho wake umetoka gogo likiwa limeanza kupoa. Watu makini hukata ncha zote mbili na kuzitupa. Wasio makini, sijui.

Kuna mahali ambapo mwelekeo huo si kasoro, ni kazi yenyewe. Mabomba ya haidroliki ya ndege hutengenezwa kwa ndugu mdogo wa sita-nne, mwenye asilimia 3 ya alumini na 2.5 ya vanadi. Bomba linaanza kwa kukamuliwa likiwa nene, kisha linapunguzwa likiwa baridi, hatua kwa hatua, juu ya kiini cha chuma kigumu. Ukipunguza zaidi unene wa ukuta kuliko upana wa bomba, fuwele, yaani punje ambazo atomi zake zimejipanga upande mmoja, zinageuza mhimili wao mgumu utazame nje, kutoka katikati kwenda ukutani. Ukipunguza zaidi upana, zinageukia kwingine. Bomba la kwanza linavumilia shinikizo vizuri zaidi. Kwenye Airbus A380 shinikizo hilo ni psi 5,000. Tairi la gari lako dogo lina 30 na kitu. Kwa hiyo mwenye kiwanda cha mabomba hauzi aloi tu. Anauza mpangilio.

Na A380 ndiyo iliyotufundisha somo kubwa zaidi. Tarehe 30 Septemba 2017, ndege ya Air France safari namba 66 ilikuwa juu ya Greenland, ikitoka Paris kwenda Los Angeles na watu 521 ndani, pale injini ya nje upande wa kulia iliposambaratika. Feni yote iling'oka na mdomo wa injini ukaenda nayo. Marubani walitua salama Goose Bay, Canada, hakuna aliyekufa. Lakini kitovu cha feni, ile bonge la sita-nne linaloshika mapanga yote, kilikuwa kimeanguka kwenye barafu, na bila kukiona hakuna ambaye angeweza kusema kilichotokea.

Wachunguzi wa ajali za ndege wa Ufaransa, BEA, hawakukata tamaa. Walipitisha ndege zenye rada juu ya barafu, wakarudi tena chini na vifaa vya kuburuzwa, na katikati ya 2019, karibu miaka miwili baadaye, kipande kikubwa cha kitovu kilichimbuliwa kutoka karibu mita 4 chini. Walichokuta hakikuwa uchafu, hakikuwa kipimo kibovu cha kemia wala kosa la fundi wa matengenezo. Ufa ulizaliwa chini kidogo ya uso, baada ya safari chache sana kuliko umri uliopangiwa kitovu hicho, mahali ambapo fuwele nyingi za alfa zilikuwa zimelala upande mmoja.

Fuwele ya alfa si sawa pande zote. Ukiibana kwenye mhimili wake mkuu inakataa kwa ugumu wa gigapaskali 145 hivi. Ukiibana ubavuni, 100 hivi. Kwa kawaida fuwele zimechanganyika, kama nyumba za Manzese, kila mlango unatazama kwake, na udhaifu wa mmoja unafichwa na jirani. Lakini gogo likiwa kubwa na kugandamizwa kusipofika moyoni, yale matabaka ya mwanzo yanavunjika kuwa punje bila punje kugeuka. Kwa darubini ya kawaida unaona punje nzuri za mviringo, kila kitu kama kitabu kinavyotaka. Kumbe zote bado zinatazama kibla kimoja, mtaa mzima wa milimita kadhaa unaojifanya fuwele moja.

Mtaa wa aina hiyo una ugonjwa wake. Injini ikinguruma wakati wa kupaa na nguvu ikashikiliwa kwa dakika kadhaa, fuwele laini zinateleza kidogo kidogo, hata pasipokuwa na joto kubwa, na mzigo zilioutupa unabebwa na jirani mgumu. Safari inayofuata, tena. Jirani anachoka, anapasuka, na kwa kuwa mtaa wote umelala upande mmoja ufa unapita bila kukuta kona. Mzigo ule ule ukipigwa haraka haraka na kuachiwa hauleti madhara hayo; kinachoua ni kule kushikilia. Nani asiyejua? Kubeba ndoo ya maji mara ishirini si sawa na kuishikilia ndoo hiyo hiyo kichwani bila kuitua.

Jambo hili halikuwa geni. Mapema miaka ya 1970 diski za feni za injini ya Rolls-Royce RB211, zilizokuwa za aloi nyingine ya titani, zilipasuka kwa sababu ya namna hii, na vitabu viliandikwa. Ila tasnia ilijiaminisha kwamba sita-nne haisumbuliwi na ugonjwa huo kwa mizigo ya kawaida. Jina la aloi likawa hirizi. Kila mtu aliuliza ni aloi gani, na jibu lilikuwa zuri.

Linganisha na mwaka 1989, pale DC-10 ya United Airlines ilipoanguka Sioux City, Iowa, na watu 112 kati ya 296 wakafa. Diski ile nayo ilikuwa ya sita-nne, na nayo ilipasuka. Lakini humo walikuta doa gumu lenye nitrojeni nyingi, lililoingia tangu wakati wa kuyeyusha titani, miaka mingi kabla. Kosa la jikoni kabisa, ambalo presi yoyote duniani isingelisahihisha. Dawa yake ilikuwa wazi pia: yeyusha kwa uangalifu zaidi, mara tatu badala ya mbili. Kitovu cha Greenland hakikuwa na doa lolote. Kilikuwa na historia tu.

Wapo watakaosema hii ni hofu ya kupindukia, kwamba maelfu ya vitovu vinaruka kila siku bila tatizo na kwamba kupima mwelekeo wa fuwele ndani ya gogo la nusu tani ni ghali. Ni kweli ni ghali. Njia inayouona mpangilio vizuri inahitaji kukata kipande na kukiweka chini ya darubini ya elektroni, na kitovu kilichokatwa hakiruki tena. Mawimbi ya sauti yanasaidia, lakini yanaonyesha mtaa kama kelele, si kama picha. Bado naona hoja hiyo inageuza mambo kichwa chini. Cheti cha kawaida cha fimbo ya titani kinakupa oksijeni kwa desimali mbili au tatu, kinakupa nguvu ya kuvutwa, kinakupa asilimia ya kunyooka. Vipimo hivyo vyote vinatoa wastani wa kipande kizima, na ufa haujawahi kusubiri wastani. Kuandika kwamba gogo lilifuliwa kwa nyuzi ngapi, upande gani wa mpaka, na lilipunguzwa kwa asilimia ngapi baada ya kushuka chini yake, hakuhitaji darubini. Kunahitaji kalamu. Kiwanda kinajua. Hakisemi kwa sababu hapo ndipo faida yake ilipo, na kwa sababu wanunuzi wengi hatuulizi.

Mchanga wa Kwale, kusini mwa Mombasa, ulichimbwa kuanzia 2013 hadi mwisho wa 2024, ukapakiwa melini Likoni. Tuliambiwa Kenya inauza titani. Sehemu kubwa sana ya madini ya titani duniani huishia kuwa rangi nyeupe ya kupaka kuta, na hata kile kidogo kinachokuwa metali, thamani yake inapanda kwenye tanuri na kwenye presi, kwa watu wanaojua 995 ni nini. Nimesikia wanasiasa wakizungumzia kuongeza thamani kana kwamba ni suala la kusafisha mchanga zaidi.

Mwaka jana rafiki yangu mwenye boti ya kupeleka wageni kisiwani aliniomba nimtafutie fimbo fupi ya titani, achonge pini ya usukani ambayo maji ya chumvi hayatailia. Nikaipata kwa muuzaji mmoja mjini, imefungwa kwenye nailoni, na cheti chake. Kemia safi kabisa, oksijeni asilimia 0.16, nguvu megapaskali 950 na ushee. Ncha moja ilikuwa na ukoko wa kijivu unaong'aa kidogo kama kioo, uliosahaulika kusuguliwa, kwa hiyo nikahisi imekamuliwa, haikufuliwa wala kuviringishwa. Kwa pini ya boti haina neno. Nikapiga picha ile ncha, nikamtumia muuzaji, nikamuuliza kiungwana: kaka, hii imetengenezwaje?

Akajibu baada ya siku mbili. "Ni gredi ya tano, bosi. Orijino."